Taa ya 800 na taa ya 3,500, ipi ni ya bei rahisi? Hesabu nimeipiga kwenye mita ya nyumbani

Leo somo ni la taa. Najua humu kuna wenye maduka ya vifaa vya umeme, kuna wa genge, wa saluni, wa chipsi, na wote jioni tunarudi kwenye nyumba zenye taa, kwa hiyo hakuna ambaye halimhusu.

Swali ninaloulizwa dukani karibu kila siku ni hili: "Hivi hizi taa za kubana umeme zinabana kweli, au ni maneno yenu ya kutuuzia?" Zamani nilikuwa najibu "zinabana sana tu", halafu nafunga mzigo. Zinabana kiasi gani nilikuwa sijui. Mimi nimeishia form four na fizikia nilipata F, sioni haya kusema. Lakini hesabu ya leo nimeipiga mwenyewe, na nilijifunza kwa sababu ya kesi ambayo nusura imtoe mtu riziki yake.

Tunaishi wapangaji sita kwenye nyumba moja hapa Morogoro, LUKU moja. Waliowahi kuishi nyumba za hivi wanajua vita vyake. Kwa mwezi tulikuwa tunanunua umeme wa kama 90,000. Vyumba vitano kila kimoja kinatoa 10,000, na chumba cha sita kinatoa 40,000. Chumba cha sita anakaa mama anayeuza barafu na maji ya baridi, ana friji. Hakuna mtu aliyewahi kupima ile friji inakula kiasi gani. Tuliisikia tu inanguruma mchana na usiku, tukaamua ndiyo mwizi.

Mwezi mmoja umeme ukaisha tarehe 22, wote hatuna hela. Kikao kikaitwa uani. Wawili wakasema mama alipe 50,000, mmoja akasema atoe friji kabisa. Yule mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Wanangu, friji hii ndiyo ada ya watoto. Nikiitoa niingize nini?" Nilikaa kimya, na mimi nilikuwa kati ya wanaoamini kwamba tatizo ni friji.

Kesho yake nikamsimulia mzee mmoja fundi umeme, mteja wangu wa siku nyingi. Akaniuliza swali moja: "Mwanangu, na taa za nje mmezihesabu?"

Hatukuzihesabu. Taa za nje si za mtu. Glopu moja getini wati 100, nyingine uani wati 100, korido wati 60, choo na bafu la nje wati 60. Zote glopu za zamani, zile zenye uzi ndani, unazishika zikiwaka unaungua. Zinawashwa saa 12 jioni, zinazimwa saa 12 asubuhi, tena siku nyingine zinasahaulika mpaka saa 3.

Na aliyemuuzia baba mwenye nyumba hizo glopu ni mimi. Kila moja 800, faida yangu 200. Niliona ni biashara nzuri kwa sababu zinaungua haraka, mzee anarudi tena.

Sasa twende kwenye hesabu, usiogope. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kwa hiyo chukua wati za kifaa, zidisha kwa masaa kinayowaka, gawanya kwa 1,000. Umemaliza, hiyo ndiyo uniti.

Taa zetu nne za nje: 100 na 100 na 60 na 60 ni wati 320. Mara masaa 12 ni 3,840. Gawa kwa 1,000, ni uniti 3.84 kwa usiku mmoja. Kwa siku 30 ni uniti 115.

Uniti ni shilingi ngapi? Angalia meseji yako ya tokeni. Ukinunua umeme wa 1,000 ukapata kama uniti 2.8, wewe upo kwenye bei ya kawaida, ambayo ukijumlisha na makato inafika kama 357 kwa uniti. Ukipata kama uniti 8.2 kwa 1,000, upo kwenye bei ya chini, ile ya D1 ya watumiaji wadogo, kama 122 kwa uniti. Usiangalie tokeni ya kwanza ya mwezi, ile ina makato ya kodi ya jengo, itakuchanganya.

Sisi tupo kwenye 357. Uniti 115 mara 357 ni zaidi ya 41,000. Yaani karibu nusu ya umeme wa nyumba nzima ulikuwa unaangaza ukuta na paka wa jirani.

Nilivyomwambia mzee fundi, akasema usiamini karatasi, nenda kapime. Na hapa ndipo aliponifundisha kitu ambacho kila mwenye duka anatakiwa akijue. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayokonyeza. Pembeni yake pameandikwa namba, kwenye mita yetu ni 1000 imp/kWh. Maana yake ikikonyeza mara 1,000 umetumia uniti moja. Mita nyingine zimeandikwa 1600 au 3200, soma ya kwako kwanza.

Jumapili jioni nikawaomba wote wazime vyumba vyao dakika tano tu, hata friji ikachomolewa. Zikabaki taa za nje peke yake. Nikasimama kwenye mita na simu, saa inahesabu. Dakika 3, ikakonyeza mara 16. Kwa saa moja hiyo ni mara 320, ambayo kwa mita yetu ndiyo wati 320. Ilikuwa sawasawa na karatasi. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema "duh".

Friji nayo tukaipima. Mzee alituazima kile kimita kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, halafu kifaa unakichomeka juu yake. Tukaacha siku nzima, saa 24. Ilisoma uniti 1.1. Kwa mwezi ni uniti 33, kama 12,000. Mama wa watu alikuwa analipa 40,000.

Kumbuka vizuri, sisemi friji haili umeme. Inakula. Lakini taa nne za nje zilikuwa zinakula mara tatu na zaidi ya friji, na sisi tulikuwa tunamtoza mama zote mbili.

Glopu ya uzi inafanya nini? Umeme unapita kwenye uzi mwembamba, uzi unapata moto mpaka unang'aa. Sehemu kubwa sana ya umeme unaoulipia inatoka kama joto, mwanga ni kidogo tu, karibu asilimia 5. Kwa hiyo kitaalamu ile ni jiko dogo linalotoa mwanga pembeni. LED haina uzi wa kuchoma, ndiyo maana wati 9 za LED zinatoa mwanga unaolingana na wa glopu ya wati 60. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani waliofanikisha LED ya rangi ya bluu, iliyofungua njia ya LED nyeupe hizi tunazouza, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Mimi na F yangu nawashukuru.

Tukabadilisha. Nje nikaweka LED mbili za wati 12, korido na choo za wati 7. Jumla wati 38. Kwa masaa yale yale 12 ni uniti 13.7 kwa mwezi, chini ya 5,000. Taa zote nne zilikuwa 17,000. Tulikuwa tunaokoa kama 36,000 kwa mwezi, kwa hiyo hela ya taa ilirudi kwenye wiki mbili hivi. Baba mwenye nyumba alisita kidogo kutoa 17,000. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, glopu zile nilikuuzia mimi, hizi nakupa kwa bei niliyonunulia." Ilikuwa haki yake.

Mwezi uliofuata tulinunua umeme wa 57,000. Friji tukaitoa pembeni, 12,000. Iliyobaki tukagawana sita, kila chumba 7,500. Mama wa barafu sasa analipa 19,500.

Haya, hiyo ilikuwa taa inayowaka usiku kucha. Za ndani je? Hapa ndipo watu wengi, hata wauzaji, wanadanganyana, kwa sababu jibu halifanani kwa kila taa.

Taa ya sebuleni inawaka masaa 5. Glopu ya wati 60 inakula uniti 9 kwa mwezi, kwa bei ya 357 ni kama 3,200. LED ya wati 9 inakula uniti 1.35, haifiki 500. Unaokoa kama 2,700, taa ya 3,500 inajilipa ndani ya mwezi mmoja na nusu. Kama upo kwenye bei ya D1 unaokoa kama 930 tu, kwa hiyo inajilipa kwa miezi minne. Bado nzuri.

Taa ya stoo au ya choo cha ndani inayowaka nusu saa kwa siku? Glopu inakula uniti 0.9 kwa mwezi, kama 320. LED inakula chini ya 50. Unaokoa kama 270 kwa mwezi, taa ya 3,500 inajilipa baada ya mwaka mzima. Kwa D1 ni miaka mitatu. Sasa mteja ana 3,500 mkononi na unamwambia aanzie chooni? Mwambie aanze na taa inayowaka masaa mengi. Ya stoo aiache mpaka iungue yenyewe.

Na mwenye enaji seva, zile za mrija uliozungushwa kama mkia, asidanganywe kwamba anapata hasara kubwa. Ya wati 15 ukilinganisha na LED ya wati 9, kwa masaa 5, tofauti ni uniti 0.9 kwa mwezi, kama 320. Ikiwa nzima muache aitumie mpaka ife. Ila wewe mwenye duka usijaze stoo hizo. Ndani zina zebaki kidogo, na nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuacha kuzitengeneza na kuziingiza. Nilikuwa na boksi mbili nimeuza kwa bei ya kununulia, nikafunga ukurasa. Na ikikuvunjikia dukani usikimbilie fagio. Fungua mlango na madirisha, toa watoto nje, subiri kidogo, okota vipande kwa karatasi ngumu, ufute na kitambaa chenye maji, vyote ufunge kwenye mfuko.

Kwa walio D1 kuna jambo lingine. Bei ile ni kwa wanaotumia mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, uniti za juu ya hapo zinauzwa kwa bei ya juu zaidi, na ukizoea kuvuka unahamishwa. Nyumba yenye glopu nne za wati 60, masaa 5 kila siku, inatumia uniti 36 kwa taa tu. Karibu nusu ya 75 imeisha hujawasha TV wala feni. Nyumba hiyo hiyo ikiwa na LED inatumia uniti 5 na kitu. Mteja wa hivi ukimuelewesha hili vizuri hasahau duka lako.

Sasa upande wa taa fake, maana hapa nimelia.

Mwaka juzi nilipanda basi kwenda Kariakoo, nikapata LED za jumla kwa 1,100, boksi zimeandikwa wati 15, masaa 30,000. Nikachukua 60, hela 66,000. Nikauza 2,000 kila moja, nikajiona mjanja. Ndani ya miezi miwili zikarudi 23. Nyingine zimekufa kabisa, nyingine zinacheza disko. Aliyeniuzia hapokei simu. Wateja ni majirani, nitamwambia nini mtu ninayeswali naye? Nikarudisha hela, 46,000. Piga hesabu mwenyewe: 120,000 toa 46,000 ni 74,000, toa mtaji 66,000, faida 8,000. Nauli ya kwenda na kurudi Dar ilikula yote na ikaniachia deni.

Juzi nikaichukua moja iliyobaki nikaipima kwenye mita. Taa ya wati 15 kwenye mita ya 1000 inatakiwa ikonyezeshe kila dakika 4. Ilichukua dakika 7 na nusu. Ilikuwa taa ya wati 8 imevaa nguo ya wati 15. Mwingine atasema si ndiyo vizuri, inakula kidogo? Hapana, mteja alilipia mwanga ambao hakupewa.

Kwa hiyo sasa nikienda jumla naangalia hivi. Kwanza lumeni, hicho ndicho kipimo cha mwanga. Taa ya kuchukua nafasi ya glopu ya wati 60 inatakiwa iwe kama lumeni 800. Boksi lisilo na lumeni kabisa naliacha. Pili naipima uzito mkononi, nyepesi kama ganda la yai huwa sina imani nayo, kwa sababu LED nayo inapata joto kwenye kitako na inahitaji chuma cha kulipunguza. Kinachokufa mara nyingi ni kile kisakiti kidogo kilicho kwenye kitako, kinauawa na joto na umeme wetu huu wa kupanda na kushuka. Ndiyo maana pia simuuzii mtu LED ya kuweka kwenye kopo lililofungwa kabisa bila kumwambia. Tatu, nachukua tano tu, nakaa nazo dukani mwezi mzima zinawaka kutwa, ndipo naongeza. Muuzaji wa jumla ambaye hawezi kuniandikia waranti ya miezi sita kwenye risiti, tunasalimiana tu.

Malalamiko mengine utakayoyapata: "Taa yako hata nikizima inawaka kwa mbali." Usikubali kuirudisha haraka. Mara nyingi fundi aliweka swichi kwenye waya wa nyutro badala ya laivu. Glopu ya uzi ilikuwa haionyeshi, LED inaonyesha kwa sababu inatosheka na umeme kidogo sana. Mwambie aite fundi, kwa sababu hapo hata akizima swichi holda bado ina umeme, na siku moja atabadilisha taa akiwa juu ya kiti.

Glopu za uzi sijaziacha kabisa. Wafugaji wa vifaranga wanazitaka za wati 100 na 200, wao wananunua joto. LED kwa kifaranga ni sawa na kumfunika kwa gazeti. Lakini mtu akija kuomba glopu ya 800, namuuliza kwanza: inawaka masaa mangapi? Akisema usiku kucha, nachukua karatasi ya boksi la sabuni nampigia hesabu pale pale. Wengine wanachukua ya 3,500, wengine wanasema leo sina. Siwalazimishi. Nimemwandikia mmoja kwenye daftari, analipa 500 kila siku, siku ya saba amemaliza.

Mama wa barafu naye siku hizi ni mtu wa hesabu. Jana kaja dukani ananiuliza, "Mwanangu, na ile taa ya ndani ya friji, nibadilishe niweke LED?" Nikamuuliza inawaka saa ngapi. Akacheka, "Nikifungua mlango tu." Nikamwambia akanunue maziwa.